Siku Nne za Kabati

Juzi tulilipaka kabati la chumbani vanishi mpya, na harufu yake ikanirudisha kwenye zile siku nne ambazo kishikwambi kilikuwa kimefungiwa humo.

Mwanangu alikuwa na miaka 4. Daktari wa watoto, kwa upole na bila kutulaumu, alitueleza kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa umri huo asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku. Akaongeza kuwa mtoto mwenye usonji aonyeshwe mapema, kwa picha au kwa saa ya mchanga, kwamba muda unakwisha, asinyang'anywe ghafla. Mimi nilitoka na neno moja tu: saa. Na kwa kuwa saa hiyo ilikuwa ikiishia kwenye vilio kila siku, nikaona heri nikifungie kabisa.

Siku ya nne alinivuta hadi kabatini, akauweka mkono wangu juu ya mlango, kama alivyokuwa akifanya kabla hajapata programu ya picha zinazotamka, iliyokuwa kwenye kishikwambi hicho. Sikufungua. Akauachia mkono, akasogea, akaanza kubonyeza mbao kwa kidole: mara moja juu kushoto, mara moja chini karibu na bawaba. Akatega sikio mlangoni, akasubiri. Akarudia, palepale, kwa mpangilio uleule. Nilidhani anacheza. Hata sijui ni mara ya ngapi nilipotambua kuwa juu kushoto ndipo ilipokaa picha ya "nataka", na chini, pembeni, "maji". Alikuwa akingoja mlango umsemee.

Nilimpa maji. Mtaalamu wa tiba ya usemi, nilipomsimulia, hakushangaa. "Kwani mama, katika hiyo saa mlihesabu na muda anaozungumza?"

Tulihesabu. Pengine daktari alitutenganishia mambo hayo mawili, nami sikusikia.

Sasa ana vishikwambi viwili: cha katuni, chenye kikomo, na cha kusemea, ambacho hakifungiwi hata usiku. Jana, kile cha kwanza kilipozimwa, alichukua cha pili, akabonyeza "katuni" mara 11 mfululizo, sauti ikiwa juu kabisa. Baba yake alinitazama. Nilinyoosha mkono nikipunguze sauti, kisha nikaurudisha.