Dirisha la Thunderbird Linapofunguka Pasipoonekana

Miongoni mwa matatizo ya kompyuta ninayoletewa hapa Mtwara, hasa msimu wa korosho unapoanza mwezi Oktoba na makarani wa vyama vya msingi wakawa wanasubiri barua pepe za maghala na minada, lipo moja ambalo hutibiwa vibaya kuliko yote. Mtumiaji anabofya Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe, alama yake inatokea kwenye mstari wa chini wa skrini kuonyesha kwamba programu imewaka, lakini dirisha lenyewe halionekani. Ushauri anaopewa haraka ni kuifuta programu na kuipakia upya, nami naupinga ushauri huo kwa nguvu zangu zote.

Thunderbird hutenganisha programu yenyewe na kabrasha la mtumiaji, ambalo ndani yake zimo barua, anwani, mipangilio, pamoja na kumbukumbu ya mahali dirisha lilipokuwa na ukubwa wake. Unapoiondoa programu kwa njia ya kawaida, kabrasha hilo hubaki. Ukiipakia upya, inasoma kumbukumbu ile ile na dirisha linafunguka pale pale pasipoonekana, huku bando lako limekwisha bure. Balaa zaidi humpata anayeamua kulifuta na kabrasha. Ikiwa akaunti yake ni ya POP, yaani njia ya kuzishusha barua kwenye kompyuta, na imepangwa kuziondoa kwenye seva, kompyuta ya mtoa huduma ya barua, baada ya kuzishusha, nakala iliyomo kwenye kompyuta hiyo huenda ndiyo pekee iliyopo duniani. Mwenye IMAP, njia ya kuzisoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva, ana nafuu, ila zile alizozihamishia kwenye makabrasha ya kompyuta tu zitapotea vilevile. Mei 2024, nyaya za baharini zinazoihudumia Afrika Mashariki zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, mwenye barua zake kwenye diski aliendelea kuzisoma. Hazina ya namna hiyo haifutwi kwa sababu ya dirisha.

Chanzo ninachokikuta mara nyingi ni skrini ya pili. Kompyuta mpakato imeunganishwa na projekta ukumbini, dirisha la barua likasogezwa upande wa projekta, mkutano ukaisha, waya ukachomolewa, na programu ikabaki na kumbukumbu ya skrini ambayo haipo tena. Karani mmoja kutoka Tandahimba aliniletea kompyuta yenye hali hiyo akaniuliza, “Kaka, barua zangu zimefutika?” Hazikufutika, tulibonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, tukachagua skrini ya kompyuta peke yake, na dirisha likarudi.

Hilo lisipotosha, bonyeza Alt na Tab mpaka uifikie Thunderbird, kisha Alt pamoja na kitufe cha nafasi, halafu herufi M. Bonyeza mshale wowote wa kibodi mara moja, kisha usogeze kipanya bila kubofya: dirisha hunata kwenye kielekezi na kukifuata hadi unapotaka, ndipo unapobofya kuliachia. Ikiwa neno “Move” limefifia katika menyu ile, chagua kwanza “Restore”.

Likigoma bado, funga programu kabisa, bonyeza Windows na R, uandike %APPDATA%\Thunderbird\Profiles, ukaingie kwenye kabrasha la mtumiaji. Humo utaliona faili liitwalo xulstore.json. Hilo ndilo linalotunza mahali pa madirisha, upana wa safu na mpangilio wa vitufe. Libadilishe jina, usilifute, kisha uwashe programu, itatengeneza jipya. Utapanga upya safu zako, lakini makabrasha ya Mail na ImapMail, yanayobeba barua, hayaguswi na hatua hii.

Kuna hali nyingine ambayo badala ya dirisha hutokea ujumbe unaosema kwamba Thunderbird tayari inafanya kazi lakini haijibu. Mara nyingi ni kwamba programu iliyowashwa awali haikufungika sawasawa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uitafute Thunderbird kwenye orodha, uisimamishe, kisha uiwashe upya. Ikiwa dirisha linaonekana lakini ni jeupe tupu, shikilia Shift wakati wa kuiwasha ili ifunguke bila programu jalizi, yaani vipande vya ziada vinavyoongezwa kwenye Thunderbird; ikifunguka vizuri hivyo, mkosaji yumo katika jalizi ulizoziongeza, na utazizima moja baada ya nyingine hadi umpate. Outlook ya kawaida ya Windows nayo ina njia kama hiyo, ila kwa Ctrl badala ya Shift.

Kabla ya hatua yoyote inayogusa kabrasha la mtumiaji, programu ikiwa imefungwa, linakili lote kwenye diski ya nje. Nasisitiza lote, kwa sababu nimeona watu wakinakili barua na kuacha anwani. Na kwa wanaotumia projekta, utaratibu ninaowafundisha ni mfupi: rudisha dirisha kwenye skrini yako, funga programu, ndipo uchomoe waya.