Ufa Uliopumua

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kukagua madaraja nilipangiwa mzee mmoja nimfuate chini ya daraja la barabara kuu, nimbebee nyundo, tochi na daftari. Daraja lilinizidi umri mara mbili. Juu malori hayakukatika. Chini mto ulikuwa umejaa tope.

Asubuhi nzima tuligonga zege. Zege zima hulia kwa sauti kali; lililoachana na nondo zake hujibu kama kibuyu kikavu. Penye maungio ya sakafu mpira ulikuwa umeoza, na maji ya mvua yalikuwa yamemiminikia beringi, vikalio vinavyobeba daraja, miaka mingi. Roli zake za chuma, zinazotakiwa kubiringika daraja linapotanuka kwa joto, zilikuwa zimegandana kwa kutu. Niliandika yote. Mihimili niliimaliza kwa neno moja: salama.

Mzee alisoma, hakusema kitu. Akamulika mshono mmoja wa kuchomelea, chini kabisa ya mhimili. Mimi niliona kamstari ka kutu juu ya rangi, kembamba kama unywele. Akalowesha kitambaa, akapangusa nacho mahali pale, akaninyamazisha kwa mkono. Lori zito likapita. Kwenye mstari vikatoka vipovu, vidogo mno, kisha maji yakafyonzwa ndani.

"Umeona, mwanangu? Unapumua."

Nilikata lile neno mkono ukinitetemeka.

Hapohapo, tukiwa bado jukwaani, alinisimulia Silver Bridge, la mto Ohio, Marekani. Lilifunguliwa mwaka 1928, likaanguka jioni ya Desemba 15, 1967, magari yakiwa kwenye foleni, wakafa watu 46. Chanzo kilikuwa ufa wa kina cha milimita 2.5 hivi, kwenye pingili moja ya mnyororo uliolibeba. Alilitaja kwa sauti ya mtu anayetaja msiba wa nyumbani kwake, nami tangu siku hiyo nalichukulia hivyo.

Ofisini waliomba tusubiri mwisho wa wiki. Mzee akakataa, na kabla ya giza malori yalikuwa yamezuiwa.

Siku iliyofuata mafundi walitoboa tundu la mviringo pale ncha ya ufa ilipoishia, maana ufa husafiri kwa ncha yake kali, na kwenye duara hukosa pa kuanzia. Tundu lenyewe likiwa na mikwaruzo, huzaa ufa mwingine. Walilisugua kwa msasa hadi jioni. Mzee akapitisha kidole ndani, akazunguka taratibu mara mbili, kisha akasogea pembeni ili na mimi nipitishe changu.