Jinsi nilivyomwongezea kasi mbwa wangu wa kukokota

Katika msimu wangu wa kwanza wa mbio za mbwa nilimfanyisha Shani mazoezi kila baada ya siku moja, kilomita 6 kwa kila zoezi, kuanzia mwanzo wa Septemba hadi mwishoni mwa Novemba. Nilipompima tena katika kipande kilekile cha barabara ya changarawe chenye urefu wa kilomita 1, nilikuta amepungua kasi. Septemba, akinivuta kwenye baiskeli, alikuwa amekimaliza kwa dakika 2 na sekunde 31. Novemba, akiwa na misuli iliyojaa na pumzi isiyokatika, alitumia dakika 2 na sekunde 44. Nilikuwa nimejituma kwelikweli, na kule kujituma ndiko kulikomfundisha kwenda polepole. Ilinichukua miezi mingi kulielewa jambo hilo na misimu miwili kulirekebisha.

Ninaishi Trondheim, Norwe, ambako mbwa wa kukokota hawangojei theluji. Kabla haijaanguka, watu hukimbia porini huku mbwa amefungwa kwenye mkanda wa kiunoni mwao, mchezo unaoitwa kanikrosi, au mbwa humvuta mtu aliyepanda baiskeli. Theluji ikishika, mbwa yuleyule humvuta mtu anayeteleza thelujini kwa skii. Mbwa huvalishwa mikanda ya kukokotea inayoacha koo na mabega huru na kuupeleka mzigo kidarini na mgongoni, na kamba yenye mpira ndani humuunganisha na mtu ili mishtuko isimwumize yeyote kati yao. Shani ni vorsteh wa nywele fupi, mbwa wa uwindaji mwenye asili ya Ujerumani, mwenye uzito wa kilo 24. Huku anathaminiwa sana kwa kazi hii, na vivyo hivyo greyster, chotara wa vorsteh na greyhound.

Nilikuwa nimeamini kwamba kasi huja yenyewe pumzi ikishajengeka, kwa hiyo nilijenga pumzi. Siku moja tulikimbia pamoja kwa miguu, na siku iliyofuata ya mazoezi nilimfunga tairi kuukuu la gari dogo akaliburuta mlimani. Sikuona kwamba katika mazoezi yote mawili breki ilikuwa ni mimi. Nikikimbia kwa nguvu zangu zote porini ninatumia dakika 4 na sekunde kadhaa kwa kilomita, yaani kilomita 14 hivi kwa saa, na mwendo huo mbwa wa umbo la Shani anaumudu bila hata kwenda shoti. Mbwa huzoea mwendo anaourudia. Mara 45 hivi kwa msimu nilimfunga mikanda nikamwambia, bila kujua, kwamba mikanda ikivaliwa mwendo ni ule.

Aliyeliona kwanza ni mke wangu. Alisimama kando ya barabara akitupiga picha za video kwa simu, na tulipofika kwake akasema, "Baba Neema, huyu mbwa hakimbii. Huyu yuko mchakamchaka." Nilibisha, kisha usiku nikaitazama ile video kwa mwendo wa taratibu, nikaona kuwa alisema kweli. Mbwa anayekwenda shoti kamili huwa hewani mara mbili katika kila hatua: mara ya kwanza mwili umejikunja, miguu ya nyuma imepita ile ya mbele chini ya tumbo, na mara ya pili mwili umenyooka wote, miguu ya mbele imetupwa mbele na ya nyuma imeachwa nyuma. Uti wa mgongo ndio unaofanya kazi hiyo, ukijikunja na kufyatuka kama upinde. Katika video yangu mgongo wa Shani ulikuwa umetulia kama meza. Kwa sehemu kubwa ya kipande kile mguu wa mbele wa kulia ulikwenda pamoja na wa nyuma wa kushoto, na hata aliposhika shoti, kile kipindi cha kunyooka hewani hakikuwepo.

Mama mmoja wa klabu yetu, ambaye amefuga mbwa wa mbio kwa zaidi ya miaka thelathini, aliitazama video hiyo na kunipa sharti moja: kwa majira yote ya vuli yajayo, Shani akiwa ndani ya mikanda na mbele ya baiskeli, asikimbie hata mita moja kwa mwendo usiokuwa wa shoti. Akichoka, zoezi limekwisha. Nilidhani anatia chumvi, lakini kila nilichokipata baadaye kilitoka katika sharti hilo.

Tulianza na mita 300 tu. Nilichagua barabara ya changarawe laini inayoteremka kidogo sana, kwa sababu mteremko mkali humfanya mbwa ajizuie kwa miguu ya mbele na kuumiza mabega na viganja. Baada ya dakika 15 za kutembea na kukimbia polepole bila mikanda, nilimfunga, nikamwachia aende kwa kasi yake yote, na mimi mwenyewe nilikanyaga pedali kwa nguvu ili kamba ikae imenyooka lakini isimlemee. Mwishoni mwa zile mita 300 mke wangu alikuwa akimngoja na kipande cha moyo wa ng'ombe. Tukapumzika dakika 3 hadi 4, tukarudia, mara nne kwa siku, siku mbili kwa wiki. Hesabu yake ni mita 1,200 za kukimbia kwa zoezi zima, na ninakiri kwamba wiki za mwanzo nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi kuwa ninamwibia mbwa mazoezi yake. Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kumfungua wakati bado analia na kurukaruka akitaka kuendelea. Lakini hamu ile ndiyo mtaji wa zoezi linalofuata, na mbwa anayefunguliwa akiwa amechoka huja na uchovu wake kichwani siku ya pili.

Kukokota sikukuacha, ila nilikutenga. Siku ya tatu ya wiki alivuta tairi akipanda mlima kwa mwendo wa kutembea, mimi nikiwa nyuma yake kwa miguu, na ili asichanganye kazi hizo mbili nilimvalisha mikanda ya aina nyingine kabisa. Ndani ya wiki tatu alikuwa anajua tofauti: akiona mikanda mifupi ya mbio alitetemeka, akiona ile mirefu ya mzigo aliinamisha kichwa na kuanza kazi kwa utulivu. Siku nyingine zote zilikuwa za kupumzika au za kukimbia huru msituni. Hapa Norwe sheria inataka mbwa wafungwe kamba kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 20 Agosti ili kulinda mifugo na wanyama wa porini, kwa hiyo miezi hiyo tulitumia zaidi kuogelea ziwani.

Hali ya hewa nusura inipokonye mbwa. Asubuhi moja ya Septemba, nyuzi joto 16 na unyevunyevu mwingi baada ya mvua, tulifanya mikimbio minne kama kawaida, na katika ule wa mwisho nikaona miguu yake ya nyuma inayumba. Nilipomgeuza uso, ulimi ulikuwa mpana kama kijiko cha upawa, umegeuka rangi ya damu iliyokolea, na macho hayakunitazama. Nilimbeba hadi kwenye kijito, nikamlowesha tumbo, mapaja na kifua kwa maji yanayotiririka mpaka pumzi ikatulia, kisha tukaenda kwa daktari wa mifugo. Alipona siku hiyohiyo. Mbwa hana jasho la kumsaidia kama letu. Hupoza mwili kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kuhema hakumfai sana. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39, akikimbia hupanda kupita 40, na likipita 41 bila kushuka anapopumzika, uhai wake uko hatarini. Tangu siku ile ninapima hewa kabla ya kufunga mikanda: juu ya nyuzi 12 tunapunguza mikimbio, juu ya 15 hatukimbii kabisa.

Maji nayo yalihitaji akili, kwa kuwa mbwa mwenye msisimko wa mbio hanywi. Saa mbili kabla ya zoezi ninampa nusu lita ya maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na mchuzi wa nyama usio na chumvi, naye huyamaliza kwa ajili ya ladha. Chakula chenyewe hula jioni ya siku iliyotangulia, chenye nyama na mafuta mengi, maana mwili wa mbwa hutumia mafuta kama nishati kwa ustadi ambao sisi hatuna.

Kulikuwa na sekunde nyingine zilizokuwa zikipotea mahali ambapo sikutazamia. Shani ninamwamrisha kwa Kiswahili, kama ninavyozungumza na wanangu, na amri za njia panda zilikuwa "kulia" na "kushoto". Nilitambua kwamba kila tukikaribia kona, sikio moja linageuka nyuma na shoti inavunjika hatua mbili tatu kabla ya kukata. Maneno yote mawili yanaanza kwa sauti ileile, na mbwa anayekwenda mita 8 kwa sekunde akisikia "ku" tu bado hajui aende wapi. Anapunguza mwendo ili asikie neno likiisha. Nikabadili, nikasema "shoto" kwa upande mmoja na kuacha "kulia" kwa mwingine, tena ninalitamka neno mita 20 kabla ya kona. Baada ya wiki mbili za kutembea naye nikimfundisha, alianza kukata kona bila kuvunja shoti.

Mwezi wa pili tulifika mita 500, wa tatu mita 800, kila mara nikiongeza umbali pale tu alipomaliza mkimbio wa mwisho kwa kasi ya ule wa kwanza. Kama saa ilionyesha amepungua, tulirudi nyuma wiki nzima. Niliwaza sana juu ya mbwa wa mbio fupi za Anchorage, Alaska, zile ambazo mwendesha mbwa George Attla alizishinda mara kumi: huko mbio fupi maana yake ni kilomita 40 hivi kwa siku, kwa siku tatu, na timu bora huzikimbia kwa shoti. Hakuna mbwa aliyezaliwa na uwezo huo. Mtu aliurefusha mwendo wa kasi kidogo kidogo bila kuuacha uharibike.

Novemba ya msimu wa tatu, nyuzi joto 3, barabara kavu, tulirudi kwenye kile kipande cha kilomita 1. Shani alikimaliza kwa dakika 1 na sekunde 56, sawa na kilomita 31 kwa saa, na alipofika mwisho aligeuka kunitazama huku mkia ukipiga matairi ya baiskeli. Nyumbani sasa kuna binti yake, Tausi, mwenye miezi 10. Huyo anakimbia huru msituni nyuma ya mama yake na anajifunza "shoto" na "kulia" akiwa matembezini, na mikanda ya mbio hataivaa mbele ya baiskeli mpaka atimize mwaka mmoja na nusu, mifupa yake ikishakomaa. Siku hiyo ikifika tutaanza na mita 100.