Sekta ya 21

Faili lilikuwa pale pale, jina lilelile, ukubwa uleule wa GB 29 na ushei. Ila programu ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi kama faili ndani ya kompyuta nyingine, ilikataa katakata kulifungua. Ilisema faili lililotajwa si diski. Umeme ulikuwa umekatika mchana seva ikiwa katikati ya kazi, betri ya akiba haikuhimili, na uliporudi mashine zote ziliamka isipokuwa hiyo moja.

Ndani yake kulikuwa na kazi ya mtafiti ambaye sote tulimwita Mwalimu: mahojiano aliyoyakusanya kwa miaka, sauti zenyewe, maandishi yake, na hifadhidata iliyounganisha kila sentensi na dakika iliposemwa. Baadhi ya waliohojiwa walikuwa wameshafariki. Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ilichukuliwa kabla nusu ya pili ya mahojiano haijaanza.

"Mwanangu, niambie ukweli," aliniambia kwenye simu. "Kazi yangu ipo au haipo?"

"Mwalimu, bado sijui. Ninachoomba ni mtu yeyote asiiguse hiyo seva mpaka nifike."

Nilipofika nikakuta mapendekezo yamejaa chumba. Mmoja alitaka kuunda mashine mpya na kuipachika diski ileile. Mwingine alikuwa ameshapakua programu inayodai kukarabati faili lolote kwa kubofya mara moja. Programu za namna hiyo siziamini hata kidogo zinapoandika juu ya faili la asili, kwa sababu zikikosea hakuna pa kurudi. Kabla ya lolote nilinakili faili zima kwa ddrescue kwenye diski ya nje, nikachukua alama ya sha256, namba inayobadilika hata baiti moja ikibadilika, ya nakala na ya asili, nikahakikisha zinafanana, kisha diski ya seva ikachomolewa na kufungiwa kabatini. Toka hapo kila kitu kilifanyika juu ya nakala ya nakala.

Kunakili GB 29 kunachukua muda, na muda huo niliutumia kuusoma upya waraka wa kampuni ya VMware unaoeleza muundo wa VMDK, mafaili ya diski za mashine pepe. Faili letu lilikuwa VMDK ya aina inayokua: diski inajitangaza kuwa na GB 40, lakini faili linachukua nafasi ya kile tu kilichokwisha kuandikwa. Ili hilo liwezekane lazima kuwe na ramani. Sekta namba 0, yenye baiti 512, ndiyo kichwa. Huanza na herufi KDMV, kisha hutaja ukubwa wa diski, ukubwa wa punje moja ya data, na mahali ramani inapoanzia. Baada ya kichwa yanafuata maelezo mafupi ya maandishi ya kawaida, ambayo yametengewa sekta 20. Kisha inakuja saraka, inayoelekeza kwenye majedwali, nayo majedwali yanaelekeza kwenye punje zenyewe. Kila punje ina sekta 128, yaani KB 64. Kila jedwali lina nafasi 512, kwa hiyo linabeba MB 32 za diski.

Kuna jambo moja katika muundo huo ambalo nawashukuru waliolibuni. Saraka na majedwali yake huandikwa mara mbili, nakala mbili kamili, moja ikifuata nyingine.

Nilifungua nakala kwa programu ya kuonyesha baiti kwa heksadesimali, namba za msingi wa 16. Pale palipostahili kuanza na 4B 44 4D 56, ambazo ndizo herufi KDMV, palikuwa na sifuri. Nikashuka: sifuri. Ukurasa mwingine: sifuri. Diski ya SSD isiyo na kinga ikikatikiwa na umeme katikati ya kuandika inaweza kupoteza data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu yake ya muda, na kichwa cha faili ni sehemu inayoguswa kila mashine inapowashwa na kuzimwa. Ugumu ulikuwa kwamba sehemu kubwa ya zile sekta 20 za maelezo huwa ni sifuri hata faili likiwa zima. Sifuri halali na sifuri za maafa zinafanana kabisa, kwa hiyo kwa macho sikuweza kujua uharibifu umeishia wapi.

Kipimo kilikuwa sekta ya 21. Kichwa ni sekta 0, maelezo ni sekta 1 hadi 20, kwa hiyo saraka ya kwanza hukaa kwenye baiti ya 10,752, ambayo kwa heksadesimali ni 2A00. Kama hapo nako kungekuwa na sifuri, safari ingekuwa ndefu mno. Nikashuka mstari kwa mstari hadi 2A00:

1F 00 00 00 23 00 00 00 27 00 00 00 2B 00 00 00

Nilipiga kelele, na Mwalimu aliyekuwa ameketi mlangoni akasimama. Namba hizo husomwa baiti ndogo ikitangulia: 31, 35, 39, 43. Zinapanda kwa nne nne bila kuruka, kwa sababu jedwali moja lina nafasi 512 za baiti nne nne, jumla baiti 2,048, ambazo ni sekta nne. Bahati nasibu haiandiki hivyo. Ile ilikuwa saraka, nzima, na jedwali lake la kwanza lilikuwa sekta ya 31, palepale linapotakiwa kuwa.

"Ipo?" Mwalimu akauliza.

"Ramani ipo, Mwalimu. Kilichokufa ni kichwa."

Nilihesabu maingizo ya saraka: 1,280. Zidisha kwa MB 32, unapata GB 40 kamili, ukubwa uleule ulioandikwa kwenye kumbukumbu za aliyeiunda mashine hiyo. Kwa hiyo hata ukubwa wa diski, ambao ulipotea pamoja na kichwa, ulikuwa umejieleza wenyewe. Nikaenda kwenye sekta ya 5,151, baada ya majedwali yote ya nakala ya kwanza, nikakuta saraka ya pili inaanza na 29 14 00 00, yaani 5,161. Nayo ilikuwa inapanda kwa nne nne.

Dawa ya kichwa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwa programu ileile iliyounda mashine ya Mwalimu niliunda diski mpya tupu ya aina ileile na ya GB 40 zilezile. Nikakagua kwamba saraka zake zinakaa kwenye sekta ya 21 na ya 5,151 kama kwetu, kisha nikachukua sekta zake 21 za mwanzo, kichwa pamoja na maelezo, nikazibandika mwanzoni mwa nakala iliyoharibika kwa amri ya dd. Katika amri hiyo kuna neno moja lisilosahaulika, conv=notrunc. Ukiliacha, dd inaandika baiti zako 10,752 na kulikata faili hapohapo. GB 29 zinabaki KB 10 na nusu. Nililisoma mara kadhaa kabla ya kubonyeza. Mashine hii haikuwa na snapshoti, yaani hali ya diski iliyohifadhiwa kwa wakati fulani. Ingekuwa nazo, utambulisho uliomo kwenye maelezo mapya ungetakiwa kurekebishwa ulingane na ule ambao snapshoti inamtambulia mzazi wake, la sivyo mnyororo ungekatika.

Programu ikakubali. Diski ya GB 40, imetambulika. Fundi kijana tuliyekuwa naye akanyoosha mkono aiwashe mashine.

Nikamzuia, na hapa ndipo penye jambo ninalolisisitiza kila nikiulizwa kuhusu mafaili haya. Katika diski inayokua, sifuri ndani ya jedwali haimaanishi kwamba kuna hitilafu. Inamaanisha kwamba sehemu hiyo haijawahi kuandikwa. Programu ikiikuta hairushi onyo lolote. Inaiambia mashine kwamba hapo ni patupu, na mashine inaamini. Mfumo uliomo ndani ukianza kujirekebisha kwa kuamini hivyo, unaandika vitu vipya, unatengewa punje mpya, na yale yaliyokuwa yamesalia yanafukiwa. Kichwa kilichokufa kilikuwa kimetusaidia kwa kukataa kufunguka. Sasa tulikuwa tumekiondoa kizuizi hicho kwa mikono yetu.

Niliandika skripti fupi ya Python isome majedwali ya nakala zote mbili, nafasi 655,360 kila upande, na kuzilinganisha moja moja. Ilirudi na tofauti 1,024, zote zikiwa zimefuatana. Katika nakala ya kwanza, sekta ya 32 hadi ya 39 zilikuwa sifuri tupu: baiti 4,096, kipande kingine kimoja cha SSD kilichopotea. Kwa kuwa majedwali yanaanzia sekta ya 31, kipande hicho kilikuwa kimemeza robo tatu ya jedwali la kwanza, la pili lote, na robo ya la tatu. Nafasi 1,024 za KB 64 ni MB 64 za diski, kuanzia MB ya 8 hadi ya 72.

Kwenye diski yenye ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, eneo hilo la mwanzoni ndiko inodi nyingi zinakokaa, zile rekodi zinazosema faili ni la nani, lina ukubwa gani na liko wapi. Kama programu ingesoma nakala hiyo ya majedwali, mfumo ungekuta maelfu ya mafaili hayana inodi, ungeyafuta kwa nia njema, na Mwalimu angebaki na diski safi isiyo na kitu. Ni kama kitabu ambacho kurasa zote zipo lakini mtunza maktaba amekuta ukurasa wa yaliyomo hauna maandishi akakitupa.

Nakala ya pili ilikuwa na namba zote 1,024, lakini sikuiamini kwa sababu tu haikuwa sifuri. Nilikagua masharti matatu: kila namba igawanyike kwa 128, isizidi mwisho wa faili, na kusiwe na nafasi mbili zinazodai punje moja. Zote zikapita. Nikahamisha sekta ya 5,162 hadi ya 5,169 kwenda sekta ya 32 hadi ya 39, nikaendesha ulinganisho upya, na tofauti zikaisha.

Hata hapo hatukuiwasha. Niligeuza diski nzima kuwa umbo ghafi kwa qemu-img, GB 40 zisizo na ramani wala majedwali, nikaendesha e2fsck, programu ya kukagua mfumo wa mafaili, kwa hali ya kukagua bila kubadilisha. Ililalamika kwamba jarida, yaani orodha ya mabadiliko yaliyokuwa yakisubiri kukamilishwa, halijamalizwa kusomwa, jambo la kawaida kwa mashine iliyozimika ghafla, pamoja na makosa machache madogo. Kwenye nakala nyingine nikairuhusu irekebishe. Ikalisoma jarida, ikaondoa inodi chache zilizoachwa yatima na umeme, ikamaliza. Nikaipachika kwa kusoma tu, na folda ya mahojiano ikafunguka.

Mwalimu hakusema neno. Alivuta kiti, akaanza kusoma majina ya mafaili kwa sauti ya chini, akinyoosha kidole kwenye kila jina.

Hifadhidata ilikuwa PostgreSQL. Ilipowashwa juu ya nakala ilipitia WAL yake, yaani daftari lake la mabadiliko, ikafika mahali ilipokuwa umeme ulipokatika, ikafungua milango. Niliendesha pg_dump, amri ya kutoa nakala ya hifadhidata, juu ya majedwali yote ili kila safu isomwe, na ikapita hadi mwisho bila kosa.

Zikabaki sauti. Zile za zamani zililinganishwa na nakala ya akiba na zikafanana. Kwa zile mpya hatukuwa na cha kulinganishia, ila kuna alama moja ya kutumainika: kipaza sauti kwa kawaida hakitoi kimya cha sifuri tupu, kwa sababu hata chumba kitulivu kina mvumo wake. Skripti nyingine ikapekua kila WAV ikitafuta vipande vya baiti 4,096 vilivyo sifuri mfululizo. Ilivikuta vichache, vyote katika rekodi zilizokuwa zikiingizwa siku ileile ya hitilafu. Kwa sauti ya chaneli moja, biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, kipande kimoja ni chini ya sehemu ya ishirini ya sekunde. Masikioni ni mkwaruzo mdogo tu. Lakini Mwalimu alicheza mmoja wao, akarudisha nyuma, akacheza tena, na akasema silabi imekatwa katikati na neno sasa linaweza kusikika kama jingine.

Akakumbuka kwamba kadi ya kinasa sauti alikuwa hajaifuta. Tuliipachika kwenye kompyuta bila ruhusa ya kuandika, tukanakili upya rekodi zote za siku hiyo, tukachukua sha256 za kadi na za nakala. Zikafanana, na mikwaruzo haikuwepo.