Paladi Ilipopanga Mstari

Kichocheo cha kiwandani, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemia, ukikitazama kwa hadubini hakikuambii mengi. Ni unga, chembe za metali zimejificha kwenye vitundu vya oksidi (muungano wa metali na oksijeni), kila moja na umbo lake. Kwa hiyo kazi yetu kule Taasisi ya Fritz Haber, Dahlem, Berlin, ilikuwa kukijenga upya kwa usafi, juu ya fuwele moja. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu, majira ya baridi baada ya Gerhard Ertl, mtu wa taasisi hiyohiyo, kupata Nobeli ya kemia mwaka 2007.

Oksidi nyingi hazipitishi umeme, na hadubini yetu ilihitaji umeme ili ione: ncha ya tungsteni hupita juu ya uso bila kuugusa, elektroni zikivuka pengo. Juu ya bonge la alumina, yaani oksidi ya alumini, ncha hiyo ni kipofu. Basi huchukuliwa fuwele ya nikeli na alumini, ikaoksidishwa ndani ya ombwe mpaka ivae utando wa alumina wa unene wa nusu nanomita hivi. Hapo elektroni hupenya.

Jioni ile niliipiga fuwele kwa ioni za gesi ya agoni ili kuisafisha, nikaipasha moto. Kupitia kidirisha niliiona iking'aa rangi ya chungwa, kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kimebanwa na nyaya mbili. Ilipopoa hadi kelvini 550 hivi nikafungua vali ya oksijeni taratibu, kisha nikaipasha tena ili utando ujipange. Mwisho nikaipitishia mvuke wa paladi, metali ya kichocheo chetu, kidogo mno, usiotosha hata tabaka moja la atomi.

Picha ilijichora polepole, mstari baada ya mstari. Nilidhani nitaona chembe zimetapakaa kama mchele uliomwagika. Zilikuwa zimepanga foleni! Nilikuwa nimeshasoma habari hizo kwenye makala, lakini moyo ulinienda mbio. Mwenzangu wa zamu, aliyenitangulia kimasomo, akafuatisha foleni moja kwa kalamu juu ya skrini.

"Hapa ndipo vipande vya utando vinapokutana," akasema.

Utando huo huota kwa vipande vinavyoelekea pande mbili, na mipakani atomi hazikai sawasawa. Atomi ya paladi huzurura juu ya oksidi ikitafuta pa kushika. Ikinasa mpakani, nyingine huja kujiunga nayo. Tangu usiku ule sikubaliani kabisa na wanaoiita oksidi kibebeo tu cha chembe za metali. Ndiyo iliyoamua chembe zikae wapi, na ziwe nyingi kiasi gani.

Asubuhi profesa aliitazama picha kwa muda mrefu. Akauliza nimeweka paladi kiasi gani, halafu: nikiongeza, foleni zitabaki au chembe zitaanza kujaa katikati ya vipande? Nikarudi kuisafisha fuwele.