Sanduku la malalamiko lilikaa tupu miezi saba

Nilipokabidhiwa jukumu la ulinzi wa wanawake na watoto katika shirika letu dogo la misaada, nilianza na sanduku la mbao lenye kufuli. Tulilitundika kando ya mlango wa msimamizi wa ugawaji. Kila Ijumaa tulilifungua, na kila Ijumaa halikuwa na hata karatasi moja. Kwenye ripoti ya mfadhili nikaandika kwamba hakuna tukio lililoripotiwa. Sentensi ile inaniuma hadi leo, kwa sababu niliiandika nikiwa na furaha.

Kilichonizindua ni taarifa ya mwaka 2002 ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, na shirika la watoto la Save the Children ya Uingereza, kuhusu wakimbizi wa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Watoto walisimulia jinsi watu waliotumwa kuwasaidia, wakiwemo wafanyakazi wa mashirika, walivyodai ngono ndipo watoe chakula na vifaa. Nikajiuliza: wale watoto wangeandika barua wakaitumbukiza kwenye sanduku kama langu?

Nikawaita akina mama peke yao, bila kiongozi yeyote. Kimya kilikuwa kirefu. Mwishowe mmoja, mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, anayeandika majina ya foleni ndiye anayekaa nyuma ya ule mlango. Nikimshtaki leo, kesho jina langu litakuwepo?"

Tulianzia hapo. Sanduku tukaling'oa. Akina mama wakachagua wenyewe wawili wa kupokea habari, na hawakuwa wale niliowafikiria mimi. Namba ya simu ikashikwa na mtu asiyehusika kabisa na ugawaji. Orodha ya majina haikuandikwa tena na mkono mmoja. Kila siku ya ugawaji, kabla ya mtu kupokea chochote, tulitangaza kwa sauti: msaada huu ni bure, na hakuna anayeruhusiwa kukudai pesa wala mwili wako. Tukabandika na picha, maana wengi hawasomi.

Upinzani ulitoka ndani. Kiongozi wetu mmoja alihofia tungelichafua jina la shirika. Nilimsomea waraka wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2003: kufanya ngono na mtu aliye chini ya miaka 18 ni marufuku kwa wafanyakazi, hata kama sheria ya mahali inaruhusu umri mdogo zaidi, na kusema "sikujua umri wake" si utetezi. Hakunijibu, ila alitia saini kanuni zetu mpya.

Wiki ya tatu akaja mama na binti yake.

Nilitaka kuuliza kila kitu: nani, lini, wapi, mara ngapi. Nashukuru nilikuwa nimefundishwa kujizuia. Mtoto anayesimulia kwa mjitoleaji, kisha kwa meneja, kisha kwa polisi, huumizwa upya kila mara, na ushahidi wake huvurugika. Nilisikiliza alichotaka kusema mwenyewe. Nikamwambia kosa si lake. Sikumwahidi siri ambayo nisingeweza kuitunza. Nilimtajia nitakaowaambia na sababu yake. Siku ileile tulimpeleka hospitali, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72. Afisa wa ustawi wa jamii akachukua usukani. Mtuhumiwa aliondolewa kazini kupisha uchunguzi, nasi hatukuuendesha wenyewe.

Baada ya hapo wengine walikuja, na mfadhili akauliza kwa nini idadi imepanda ghafla. Safari hii niliandika ukurasa mzima, nikaanza kwa kukiri kwamba ile sifuri ya mwanzo ilikuwa yangu, si ya akina mama.

Wavulana bado hawajasema lolote. Akina mama wale wawili wameniambia wazi kwamba mvulana hatakuja kwao, kwa hiyo sasa nawauliza wavulana wenyewe wangemwendea nani.