Nilimwomba Anionyeshe Harusi Nzima

Dada yangu alipoolewa, tulikabidhiwa picha mia sita na ushei. Nilizipitia zote usiku mmoja nikimtafuta bibi yetu mzaa mama. Nilimpata mara mbili tu. Katika picha ya kwanza anaonekana bega na nusu ya uso, amezibwa na mtu aliyesimama mbele yake. Katika ya pili anacheka, ameushika mkono wa bibi harusi, lakini picha imetikisika hata macho yake hayasomeki. Mwaka uliofuata bibi alifariki. Cheko lile tunalo kwenye ile picha iliyotikisika tu, na mama ameiweka sebuleni hivyo hivyo ilivyo.

Kwa hiyo zamu yangu ilipofika nilimwambia mchumba wangu kwamba mengine yote tutagawana, lakini mpiga picha nitamtafuta mwenyewe.

Wiki tatu za mwanzo zilipotea. Nilikuwa nikitazama picha ambazo wapiga picha wenyewe wamezichagua kujitangaza, na zote zilinivutia. Ilinichukua muda kugundua kwamba karibu zote zilipigwa saa ileile: jua linakaribia kuzama, mwanga ni laini, maharusi wamesimama peke yao na hakuna anayewaharakisha. Kwa mwanga ule, hata simu hutoa picha nzuri. Harusi yetu ilikuwa ifanyike usiku, ndani, kwenye ukumbi wenye taa za manjano na dari la mbao lililo juu sana. Nilichohitaji kukiona hakikuwamo katika picha zile.

Ndipo nikawaandikia wapiga picha sita ombi moja: naomba kuona harusi moja nzima uliyoipiga usiku ukumbini, tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho, kama ulivyowakabidhi wenyewe, ikiwa wameridhia. Wawili hawakujibu. Mmoja alinitumia picha ishirini, zilezile za machweo. Watatu walituma harusi nzima, na hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti.

Wa kwanza alikuwa hodari nje, lakini alipoingia ukumbini kila kitu kilibadilika. Nyuso zilikuwa na mng'ao kama zimepakwa mafuta, na nyuma yake giza tupu, kana kwamba wageni wote walisherehekea ndani ya pango. Nilimuuliza binamu yangu anayependa kamera, akanieleza sababu. Mwanga wa flashi hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali: aliye mita 4 kutoka kwenye taa hupata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita 2. Ukiielekeza flashi moja kwa moja usoni, wa mbele anaungua na wa nyuma wanamezwa na giza. Wenye ujuzi huigeuza igonge dari jeupe au ukuta, mwanga urudi umetawanyika, au huweka taa za pembeni, tena hutumia lenzi inayofunguka sana, yenye alama kama f/2.8 au f/1.8, ili mwanga wa ukumbi wenyewe nao uingie.

Dari letu lilikuwa la kahawia, tena refu, hivyo flashi isingekuwa na pa kugonga. Nikawauliza wote watatu watafanyaje. Wa kwanza alinijibu, "Usijali dada, nitarekebisha kwenye kompyuta." Huyo nilimwacha.

Wa pili alikuwa mtaratibu, na nilikaribia kumkubali, hadi nilipokazia macho rangi za watu. Shangazi mmoja katika harusi ile alikuwa na rangi tatu usiku mmoja: mweusi kama makaa karibu na gauni jeupe, wa kawaida mezani, kisha amepaushwa hadi amekuwa mtu mwingine kwenye picha ya familia. Kamera ina namna yake ya kukosea. Hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu, kwa hiyo likijaa gauni jeupe huipunguza picha mwanga, na uso mweusi ulio juu ya gauni hilo huzama. Jambo hili lina historia ndefu. Kwa miongo mingi kadi ambazo Kodak, kampuni ya filamu na kamera, iliwapa wasafishaji wa picha ili walinganishe rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe. Leo vifaa vimeboreka, lakini bado lazima mwenye kamera ajue kuamua mwenyewe. Mimi na mume wangu ni weusi, babu yangu ni mweusi zaidi, na sikuwa tayari kuona yeyote kati yetu amezimwa au amechujuliwa.

Wa tatu alikuwa mwanamke. Harusi aliyonitumia niliitazama mara mbili, na mara ya pili nikajikuta nawahesabu wazee. Walikuwa wengi! Mzee aliyesinzia huku ameshika fimbo. Mama anayefuta chozi katika safu ya tatu, wakati watu wote wamegeukia mlangoni. Nilipomaliza niliijua familia ile bila kutambulishwa: nilijua nani ni mama wa bwana harusi, na nani wamegombana. Nyuso zilikuwa na rangi zake, na urembo wa gauni ulionekana uzi kwa uzi.

Nilimpigia simu. Kuhusu dari aliniomba kwanza picha ya ukumbi, kisha akasema ataweka taa mbili pembeni juu ya stendi ndefu. Nikamuuliza kuhusu kadi za kamera zinazohifadhi picha, kwa sababu mfanyakazi mwenzangu alipoteza picha zote za kiapo chake pale kadi moja ilipoharibika. Alinijibu kwamba kamera zake, ambazo huja nazo mbili, huandika kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, na hafuti kadi mpaka nakala ziwe sehemu mbili tofauti. "Na ukiumwa siku hiyo?" Akanitajia mwenzake ambaye hushikiana naye zamu, akanitumia na kazi zake.

Alikuwa ghali kuliko wale wawili. Tukaacha albamu nene, tukabaki na mafaili, na sijajuta. Kwenye mkataba tuliandika kwamba atakuja yeye mwenyewe, saa ngapi hadi saa ngapi, arubuni na lini inarudishwa, na siku za kusubiri. Tuliandika pia jambo ambalo wengi hatulijui: katika nchi nyingi hakimiliki ya picha hubaki kwa aliyezipiga hata kama umemlipa, labda mkataba useme vingine. Basi nikaomba ruhusa ya maandishi ya kuzichapisha na kuzigawa, naye akakubali kutotangaza picha za watoto bila kutuuliza.

Picha za makundi tulizipunguza hadi tisa, maana kila kundi hula dakika tatu au nne, na makundi ishirini yangetumeza saa nzima. Halafu nikampa karatasi ya pili. Ilikuwa na majina ya wazee saba, wanapoketi, na nani hasikii vizuri. Binamu yangu alipewa kazi ya kumwonyesha mpiga picha kila mmoja wao kwa macho kabla shughuli haijaanza.

Kuvaa kulichelewa kwa dakika arobaini, mwanga wa jioni ukatupita, na picha zetu wawili za nje ni chache sana. Hilo lilikuwa kosa letu la kupanga muda. Natamani ningeongeza saa moja.

Picha zilifika wiki ya sita. Sikuanza na zangu. Nilimtafuta babu, nikamkuta katika kumi na moja. Katika mojawapo ya picha hizo mimi niko mbele, nina ukungu kidogo, na yeye ndiye aliyetulia: ameinama kwenye kiti, amekinga kiganja nyuma ya sikio, midomo wazi, anajitahidi kusikia ninavyoitikia kiapo.